Ya Nyumbani na ya Sokoni: Kuonja Pombe Nzito Uvira

Baa za Uvira hazianzi kwa kukuuliza unataka bia gani. Zinaanza na joto lake. "Ya baridi ao ya moto?" ndilo swali, na "ya moto" maana yake ni chupa iliyokaa kwenye kreti bila kuonja friji. Mgeni anayetoka Dar es Salaam hucheka, kwa sababu Uvira si mji wa kuchezea jua. Ziwa Tanganyika liko mbele, milima ya Mitumba iko nyuma, na watu wamebanwa katikati kwenye ukanda mwembamba ambao upepo huukumbuka jioni tu. Hata hivyo wazee wengi hujibu "ya moto" bila kufikiri, na kwa pombe niliyokuwa nimeifuata kule, wazee hao wako sahihi kuliko friji. Bia nyepesi ikipoteza ubaridi inabaki na kasoro zake. Bia nzito ikipata joto kidogo ndipo inapoanza kujieleza.

Nilikuwa nimebeba chupa moja ndogo, mililita 275, ya Harvest Ale ya kiwanda cha J.W. Lees cha Manchester. Rafiki yangu anayeishi Uingereza aliniachia Kigoma alipokuja likizo, akanisihi nisiinywe na mtu anayekunywa kwa haraka. Bia hiyo hupikwa mara moja kwa mwaka tangu 1986, kwa kimea kipya cha shayiri ya Maris Otter na hopsi za East Kent Goldings, na kileo chake ni asilimia 11.5. Iko katika kundi ambalo Waingereza huliita mvinyo wa shayiri. Nilitaka kujua kama ufuko huu wa kaskazini, usio na shamba hata moja la shayiri, una pombe inayoweza kukaa nayo meza moja bila kuona haya.

Kwa asiyeijua, mvinyo wa shayiri ni bia, hauna zabibu hata punje. Umepikwa mzito hadi nguvu yake ikakaribia ya mvinyo wa kweli: asilimia 8 ndiyo ngazi ya chini, na 12 haishangazi mtu. Hakuna spiriti iliyoongezwa. Kazi yote imo katika kuinyima maji. Zamani mpishi wa bia alimwaga maji ya moto juu ya kimea kilichosagwa, akakinga yale ya kwanza kutoka, mazito na matamu mno. Hayo yakawa bia ya mwenye nyumba. Akamwaga tena juu ya machicha yale yale, akapata bia ya kila siku. Mara ya tatu akapata ile hafifu ya watumishi na watoto. Mvinyo wa shayiri ni yale maji ya kwanza peke yake, kisha yakalazwa miezi, pengine miaka, hadi ukali wa kileo utulie. Kampuni ya Bass ya mji wa Burton upon Trent ndiyo iliyolitembeza jina hilo kwa bia yake ya No. 1. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester kilitoa Thomas Hardy's Ale, kikatamba kwamba ikihifadhiwa vizuri itadumu miaka 25. Wamarekani waliingia mwaka 1975 kwa Old Foghorn ya Anchor, San Francisco, na mwaka 1983 kwa Bigfoot ya Sierra Nevada, ambayo waliishindilia hopsi mpaka ikawa chungu kwa kiasi ambacho babu wa Kiingereza angeirudisha jikoni.

Ilikuwa Julai 2024, kiangazi. Kutoka Kigoma nilipanda gari hadi Manyovu, nikavuka Burundi, nikapanda nyingine kupitia Nyanza-Lac na Rumonge, ziwa likiwa mkono wa kushoto karibu njia nzima. Petroli ilikuwa haba Burundi, kwa hiyo abiria tulijazwa hadi mtu asijue goti lipi ni lake. Chupa niliifunga kwenye taulo bichi nikaipakata. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda mwaka ule. Sehemu fulani za barabara yalikuwa yanaulamba ukingo wa lami, na nyumba za watu zilisimama ndani ya maji, madirisha yakiwa hayana tena wa kuyafunga.

Bujumbura ina kiwanda cha Brarudi, kilichoanza mwaka 1955, ambacho leo kina wenye hisa wakubwa wawili: Heineken na serikali ya Burundi. Amstel yake inasifiwa hadi Kigoma. Jioni ile sikuiona. Wahudumu walinyosha mikono tu na kuniambia labda kesho. Nilikuja kuikuta Uvira, imepangwa rafuni kama kawaida, kwa bei ya Kikongo. Mpaka ule huvusha kila kinachopata bei bora upande wa pili, na bia haibagui.

Kabla ya mpaka nilisimama Gatumba, mji ambao mto Ruzizi huuvamia karibu kila masika. Nyumba moja ilikuwa inauza impeke, pombe ya mtama. Chungu kiliwekwa katikati, na kila mmoja akapewa mrija mrefu. Mwenye nyumba alivuta kwanza, tukamwona akimeza, ndipo tukaruhusiwa. Impeke ni nzito kwa mwili, si kwa kileo: ni chachu, ina unga unga, joto lake ni la mkono. Punje na makapi yalielea juu, na mrija ulikuwa unayapita ukatafute kinywaji chini.

Yupo Mgiriki aliyeketi mbele ya chungu cha namna hiyo zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Xenophon, aliyekuwa akirudi na jeshi katika majira ya baridi ya mwaka 401 kuingia 400 kabla ya Kristo, alipita vijiji vya Armenia na kukuta vyungu vya mvinyo wa shayiri, punje zikielea juu na mirija ikiwa imesimikwa humo. Aliandika kwamba kinywaji kile kilikuwa kikali sana kama hukukitia maji, na kwamba mtu akikizoea kinapendeza. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya zamani ninayoijua ya jina hilo, na ndani yake kuna jambo la kuangalia kwa makini: hata wakati ule, mjadala ulikuwa juu ya maji. Utie au usitie.

Ukivuka Kavimvira umeingia Uvira. Richard Burton na John Hanning Speke walifika hapa kwa mitumbwi mwezi Aprili 1858 wakitafuta chanzo cha Nile, na wana wa mtawala wa Uvira wakamwambia Burton habari aliyoichukia: Ruzizi hautoki ziwani, unaingia. Stanley na Livingstone walikwenda kuthibitisha Novemba 1871, wakaona ni kweli. Nashindwa kujizuia kutaja kwamba mpelelezi Burton ana jina moja na mji wa Bass. Hakuna undugu, ni majina kugongana tu, lakini nilipokuwa nimekaa ufukoni na chupa ya Kiingereza mapajani nilicheka peke yangu.

Mji wenyewe haukuwa katika hali ya kucheka. Mto Mulongwe, uliofurika Aprili 2020 ukaua watu wengi na kubeba nyumba, bado ulikuwa na makovu yake kila upande, na kule bandari ya Kalundu ziwa lilikuwa limemeza sehemu walizozoea kupakia mizigo. Watu walikuwa wanahamisha vibanda hatua chache juu, wakifika ukutani mwa jirani wanasimama. Nganda nyingi, yaani baa ndogo, za ufukoni zilikuwa zimerudi nyuma hivyo hivyo, viti na kreti na jiko la kubanikia samaki.

Katika moja ya hizo nganda niliagiza Turbo King. Hiyo ndiyo bia ambayo watu wa huku wangekutajia mara moja ukiuliza pombe nzito ya chupa: nyeusi-nyekundu, kileo chake kinapita kidogo asilimia 6, na matangazo yake yameinadi miaka mingi kuwa shughuli ya wanaume. Ni ya Bralima, kampuni iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1923 na kutoa Primus yake ya kwanza mwaka 1926. Chupa za Uvira zilikuwa zinatoka kiwanda cha Bukavu, zikishuka milima hadi Kamanyola na kukata bonde la Ruzizi kupitia Luvungi na Sange. Ukisikia vumbi na mashimo ya njia hiyo unashangaa kwamba hata moja hufika na kizibo.

"Mama, nipatie Turbo, ya moto."

Mama mwenye nganda alinitazama mara mbili, kisha akaileta ikiwa imefungwa, akaiweka mbele yangu, ndipo akaifungua. Hilo usilichukulie kuwa adabu ya hoteli. Kivu yote watu wanaogopa karuho, sumu ya kutiliwa kwenye kinywaji, na chupa iliyofunguliwa nyuma ya kaunta hairudi mezani. Anayefungua bila wewe kuona anakutukana.

Nilimimina nusu glasi nikaiacha itulie. Harufu ilikuwa ya mkate uliokolea na karameli, nyuma yake chembe ya kahawa. Mdomoni ilianza tamu, ikakauka haraka, ikaondoka. Hapo ndipo penye tatizo lake. Rangi inaahidi mzigo mkubwa na mwili hauubebi. Ukimeza, kinywa kinabaki kitupu kama hukunywa kitu. Ni bia nzuri kwa samaki. Na mukeke, samaki wa ziwa hili, aliyebanikwa, mafuta yake yakidondokea makaa, ilikaa vizuri kuliko Primus, kwa sababu utamu ule wa kimea unapokea moshi. Lakini kuilinganisha na mvinyo wa shayiri ni kuionea. Nguvu ya asilimia 6 na rangi nyeusi havitoshi. Vijana wa meza ya jirani walikuwa wanaikoroga na Coca-Cola, na wala sikuona sababu ya kuwakataza.

Mmoja wao, dereva wa pikipiki, alinisikiliza nikieleza ninachotafuta, akasema, "Papa, unatafuta kasiksi. Lakini si hii ya sokoni." Kasiksi ni pombe ya ndizi, na sokoni inauzwa kwenye madumu ya njano ambayo Uvira huyaita bidoni. Nilikuwa nimeionja asubuhi ile. Nyepesi, chachu, ina utamu ambao nilihisi umetoka dukani badala ya mgombani. Akaniambia mjomba wake anaishi mlimani na hupika kwa ajili ya harusi na misiba. Tulikubaliana bei ya safari, na kesho yake alfajiri tukapanda.

Njia inaacha ziwa ghafla. Dakika chache tu mji umekuwa chini ya miguu yako, mabati yakimeta, na ng'ambo unaona milima ya Burundi. Hewa inapoa, migomba inaanza. Mjomba, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufi, alitupokea kama tulikuwa tumeagizwa. Nilimwita mzee, naye akaniita mugeni hadi tulipokula pamoja, kisha nikawa kaka. Hakutaka kusikia habari za pombe kabla ya kunionyesha shamba.

Shamba lilikuwa limekonda. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliingia Kongo mwaka 2001 kupitia Masisi, Kivu ya Kaskazini, ukateremka, na unaipenda zaidi migomba ya ndizi za pombe, kwa sababu wadudu hulifuata lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu. Wadudu wakitoka ua lenye ugonjwa wanaupeleka kwa jirani. Mgomba ukishikwa, majani yanalegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zimeoza hudhurungi. Mzee alinionyesha dawa yake: ufito wenye panda. Chane ya mwisho ikishatoka, anaingiza panda hiyo kwenye kikonyo cha ua hilo, anazungusha, linavunjika na kuanguka. Hatumii panga, kwa kuwa panga ndilo linalobeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Na panga likilazimu, analipitisha kwenye moto kwanza. Alifanya hivyo migomba kadhaa akiwa anazungumza mambo mengine kabisa, macho yakiwa juu.

Ndizi alikuwa amezifukia siku chache kabla. Shimo huchimbwa, moto ukawashwa ndani hadi udongo upate joto, majivu yakatolewa, majani ya mgomba yakatandikwa. Ndizi zilizokomaa lakini bado kijani zikapangwa, zikafunikwa majani na udongo. Zikifukuliwa zimeiva zote kwa pamoja, na harufu inakukuta kabla hujafika. Kijana mmoja na mama wa nyumba walimenya, wakazitupia kwenye mtumbwi wa mbao, juu yake wakaweka mafungu ya nyasi ndefu ngumu. Hapa ndipo nilipopiga magoti kuangalia. Ukikanda ndizi mbivu peke yake unapata uji. Nyasi zinakata rojo, zinashika nyama ya ndizi, na juisi inateleza kati yake. Kwanza hakukuwa na kitu, ni mikono ikizama na kutoka imefunikwa rojo. Kisha, bila dalili, chini ya mtumbwi pakaonekana maji ya rangi ya dhahabu, safi, yakiongezeka kwa kila mkando. Nilipewa kwenye kikombe: tamu hadi meno yakalalamika.

Mzee akaniuliza, "Kaka, unataka ya sokoni ao ya nyumbani?"

"Ya nyumbani ikoje?"

"Haijaonana na maji."

Kwa ya sokoni, machicha yale yale hurudishiwa maji, yakakandwa tena, na juisi ya pili ikachanganywa na ya kwanza. Anayebanwa na ada za shule anaongeza maji ya tatu na sukari. Ya nyumbani ni ya kwanza tupu. Ng'ambo, Warundi huiita insongo na huihifadhi kwa mgeni wa heshima. Kwa maneno mengine, mzee huyu alikuwa anafanya kilekile alichofanya mpishi wa bia wa Kiingereza na kimea chake, na hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Baada ya kuchuja, juisi ilitiwa unga wa mtama wa kule bondeni, uliokaangwa hadi ukanukia na kusagwa. Unga huo ndio unaoleta hamira, rangi na ule ukali kidogo wa mwisho. Bidoni likafunikwa majani, likavikwa blanketi kuukuu, likawekwa pembeni mwa jiko. Tukaambiwa turudi kesho kutwa. Saa chache baadaye, kabla hatujashuka, mzee aliniita nikatege sikio: lilikuwa linachemka peke yake, povu likisukuma majani.

Tuliporudi, tulikaa uani na vikombe vidogo vya chai, mzee, mama wa nyumba na mimi. Dereva alinusa tu kwa kuwa alikuwa na mlima wa kushuka. Harvest Ale niliifungua mbele yao, kama sheria ya nchi inavyotaka. Ilikuwa na joto la kivuli cha mlimani, na nadhani mpishi wake angeridhika, maana bia za namna hiyo hazitaki barafu. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea. Povu lilikuja kidogo likaondoka. Mama alinusa muda mrefu kuliko sisi sote, akasema, "Hii inanuka sukari iliyoungua." Ni kweli, sukari iliyoungua, na chini yake zabibu kavu, na chini zaidi kitu kama mbao za kabati la zamani. Funda dogo lilijaza kinywa chote, likateremka polepole, likaacha joto kifuani. Uchungu wa hopsi ulikuwa umezeeka. Haukuuma, ulikuwa unashikilia utamu usizidi. Mzee alimeza, akanyamaza, kisha akatoa hukumu:

"Utamu wake ni wa uongo. Itakuangusha ukisimama."

Kisha akaleta ya kwake. Ilikuwa nzito, yenye ukungu, rangi ya kahawia iliyochangamka, na viputo vidogo vikipanda bado. Harufu ilikuwa ndizi mbivu, karafuu, na mtama wa kukaanga. Kinywani ilianza tamu kama ile ya Kiingereza, lakini katikati ya ulimi uchachu uliingia ukaukata utamu, halafu mtama ukafunga kwa ukavu. Na lile joto la kifuani lilikuja vilevile, taratibu, mahali palepale. Hakuna aliyewahi kuipima kileo, na sitabuni namba. Ninachoweza kusema ni kwamba tulikuwa tunakunywa kwa mafunda ya ndege na hakuna aliyeona haja ya kuharakisha.

Kwa kinywa changu, funda la kwanza alishinda Mwingereza. Ana kina: unameza, unaendelea kukutana na mambo mapya. Lakini funda la mwisho nililitaka la mgomba, kwa sababu uchachu ule unakuacha na hamu, ilhali mvinyo wa shayiri unakuacha umeshiba. Wahaya wa Bukoba na lubisi yao, na Wachaga na mbege yao, watakuja juu wakisoma hivi. Waje tu, na vibuyu.

Tofauti moja haizibiki. Chupa ya Manchester ingeweza kungoja miaka mingine kumi. Ya mzee ina kalenda yake: siku ya pili bado ni ya wanawake na vijana, alisema mama, siku ya tatu ni ya wazee, ya nne ni ya walevi, na baada ya hapo wape nguruwe. Nilichukua kichupa nikaionja siku moja baadaye mjini, katika joto la Uvira. Ilikuwa imepanda, utamu umeisha, kileo kimesimama wazi na siki iko mlangoni. Kwa hiyo huku huwezi kuwa mwonjaji wa makabati na tarehe. Unakuwa mwonjaji wa saa. Unauliza imetiwa unga lini, unahesabu, unapanga safari yako kwa hiyo.

Hesabu ya fedha ndiyo inayoitishia hii ya nyumbani. Bidoni moja la juisi tupu likitiwa maji linakuwa mawili au matatu, na mnunuzi wa sokoni analipa bei ileile kwa chupa, akitaka tu kulewa. Migomba inapungua kwa mnyauko, mzee anapika ya nyumbani kwa kuagizwa tu, na kijana anayetaka kilevi cha haraka ana kanyanga, yaani gongo ya huku, na vichupa vya plastiki vya duka, ambavyo sikuvionja na sivipendekezi kwa mtu ninayempenda.

Mengi yamebadilika tangu safari ile. Februari 2025 Bukavu ilitwaliwa na waasi wa M23, na Juni mwaka huo Heineken ikatangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake za Bralima huko Goma na Bukavu. Desemba vita vikaingia Uvira yenyewe. Kwa hiyo usiende kwa sababu ya makala ya pombe. Lakini njia ikifunguka na hali ikitulia, ukifika Uvira usiulize kasiksi sokoni. Tafuta mtu mwenye ndugu mlimani, agiza siku kadhaa kabla, na useme wazi kwamba unataka isiyotiwa maji. Lipa zaidi ya bei ya sokoni bila kubishana. Ni haki yake. Inywe siku ya tatu tangu itiwe unga, usiiweke kwenye barafu, na asikuendeshe aliyeinywa.